Goti la Alnashir

Mimi ndiye mtu wa kwanza kumkamata Alnashir, na naanza na hilo ili mjue kwamba alionywa.

Ni miaka ishirini na kitu sasa. Nilikuwa mgeni Barking, hapa Landani, nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mvua imeninyeshea kuanzia kituo cha basi, na niliingia kwenye duka lililo nyuma ya stesheni kutafuta parachichi. Kwenye kaunta alisimama Mhindi mrefu mwenye miwani na tabasamu. Kando yake mkewe alikuwa ameketi akibandika bei kwenye makopo. Yule bwana alinisalimu kwa Kiingereza cha heshima, halafu bila kuondoa tabasamu akamgeukia mkewe na kumwambia kwa Kiswahili safi, taratibu, kama anayesoma taarifa ya habari, "Kuku huyu aliyeloa atabonyeza maparachichi yote, halafu atanunua kiberiti."

Nilibonyeza maparachichi yote. Hiyo ni haki ya mnunuzi. Kisha nikaweka mawili kwenye kaunta nikasema, "Haya mawili. Na kiberiti pia, mzee."

Mkewe, Reshma, alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Alnashir alinipa kiberiti bure, akaongeza na chumvi, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa nyumbani pale. Lakini nilimwambia waziwazi: Mzee, Kiswahili si kabati la chumbani kwako, wenye funguo ni wengi. Akanijibu kwamba Wakenya wa Barking sasa atawatambua kwa sura, na hao wengine hawana shida. Sikio la kufa halisikii dawa.

Niwaeleze jinsi mambo yalivyokuwa. Nyumbani watu hawa wanazungumza Kikachi, lakini pale dukani nusu ya wateja wanakielewa, au wanaelewa Kigujarati, ambacho si mbali nacho. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa chombo cha kazi, sawa na kisu cha kufungulia maboksi. Kwa Kiswahili walionyana kuhusu mwizi wa chokoleti, waliulizana kama mihogo imeoza, na walimsengenya kila aliyeingia, huku nyuso zao zikiwa za upole kabisa. Na kwa kuwa hakuna aliyewasikia, kikawa pia lugha ya kuambiana ukweli. Alnashir wa Kiingereza ni mpole mpaka anachosha. Ukitaka kumjua, lazima umsikie kwa Kiswahili.

Alizaliwa Singida, kwenye duka la babu yake lililouza kila kitu kuanzia misumari hadi mafuta ya taa. Alifika Landani mwaka 1974 akiwa na miaka kumi na tisa, akafanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti, na mpaka leo hagusi biskuti. Reshma ni mzaliwa wa Kisumu, na Alnashir hajawahi kukikubali Kiswahili chake. Walioana, wakafungua duka mwaka 1987, wakapata binti mmoja, Natasha, na tangu hapo duka halikufungwa hata siku moja. Sitii chumvi. Dada yake Reshma alipoolewa Toronto, Reshma alikwenda, Alnashir akabaki na kaunta. Kaka yake Alnashir alipozikwa Dar es Salaam, Alnashir alikwenda, Reshma akabaki. Jamatkhana, nyumba yao ya ibada, waliswali kwa zamu. Hata mahafali ya Natasha waligawana: mama aliona binti akipewa shahada, baba alifika wakati wa picha, na mama akakimbilia treni kwenda kufungua duka la jioni. Miaka thelathini na minane walikuwa pamoja kutwa, hatua mbili kati yao, na hawakuwahi kusafiri pamoja mbali zaidi ya ghala la jumla.

Nisiwacheke sana. Mume wangu Njoroge anaendesha basi la usiku, mimi siku hizi nafanya shifti za mchana, na tunaonana kwenye ngazi, yeye akipanda na mimi nikishuka. Akiwa na nguvu ananiuliza kama nimeacha chai.

Basi, mwaka jana Reshma alikwenda kwa daktari wa meno, na kule kwenye foleni akafungua gazeti. Kulikuwa na picha ya watu wanane wenye fimbo wakipita kwenye milima myekundu, mikavu, isiyo na nyumba wala duka. Ilikuwa safari ya kutembea kwa miguu na kiongozi, siku kumi, katika milima ya Flinders kusini mwa Australia, kulala nje kwenye magodoro ya turubai. Reshma aliuchana ukurasa ule, akauleta dukani ndani ya mkoba, akaubandika kwenye friji ya maziwa ambapo Alnashir hangeweza kuukwepa.

Mimi nilipousoma niliuliza kama ni mzaha. Nimekulia Meru. Nilikwenda shule kwa kushuka bonde na kupanda jingine, asubuhi na jioni, miaka minane, na hakuna mtu aliyeniita mtalii. Sasa mtu atoke Barking, apande ndege saa ishirini na kitu, ili akafanye kwa hiari kile ambacho mama yangu alinifanyisha kwa fimbo. Alnashir aliniunga mkono. Alitaja joto, nyoka, nzi, mgongo, na mkate ambao lazima mtu aupokee kila asubuhi saa mbili na nusu. Reshma hakubishana naye. Alingoja amalize, akasema, "Nimekaa kando yako miaka thelathini na minane. Nataka kutembea kando yako siku kumi. Baada ya hapo unirudishe kwenye kiti."

Alnashir alipangusa miwani yake kwa muda mrefu. Halafu akauliza fomu iko wapi.

Fomu iliuliza anatembea umbali gani kwa wiki. Alihesabu hatua kati ya kaunta na stoo, akazidisha, akaandika kilomita kumi kwa siku, na mimi nilikuwa pale nikaona akiipigia mstari chini. Mazoezi yake yalikuwa kwenda kwa miguu hadi Stratford akiwa na mfuko wa mchele wa kilo kumi mgongoni. Alifika East Ham, akaona mchele uleule ukiuzwa rahisi kuliko wake, akarudi kwa basi amekasirika. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi.

Septemba ilipofika, duka lilikabidhiwa kwa Natasha, aliyechukua likizo ofisini kwake, na kwangu mimi siku nisizo na shifti. Natasha anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza tu, kwa hiyo wateja walitusikia tukigombana kwa lugha mbili. Alnashir aliapa mbele yetu sote kwamba kwa siku kumi hatapiga simu dukani. Reshma alimfanya arudie kiapo mara ya pili, kwa Kiswahili, kwa sababu kile cha Kiingereza hakukiamini.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Reshma mara nne na Alnashir mara zisizo na idadi. Pale wanapotofautiana nimemwamini Reshma.

Kundi lilikuwa la watu wanane pamoja na kiongozi, kijana mmoja mrefu sana aitwaye Kel. Walikusanyika kwenye kambi ya kwanza, wakapewa chai, na Alnashir na Reshma wakakaa kwenye boksi moja wakafanya kile wanachofanya siku zote. Wakatabasamu, na wakaanza. Kuhusu Kel walikubaliana kwamba kaptura ile alishonewa akiwa darasa la pili. Kulikuwa na mume na mke kutoka Manchester ambao hawakuangaliana, na Alnashir akatabiri talaka kabla ya siku ya nne. Halafu kulikuwa na bibi mmoja mwembamba wa Adelaide, miaka sabini na sita, jina lake Lorna, aliyekuwa ameketi mbele yao akikoroga chai yake. "Tazama miguu hiyo," Alnashir akamwambia mkewe, huku akimwinamia bibi kwa heshima. "Njiti mbili za kiberiti ndani ya soksi. Huyu ndiye atakayetuchelewesha."

Kila asubuhi, kwa mzaha wake, alimpita bibi yule akamwambia, "Shikamoo, bibi," na bibi akaitikia kwa kichwa na kuendelea kukunja blanketi lake.

Kel alikuwa ameeleza sheria moja tangu mwanzo. Mizigo, vyombo na chakula vilikwenda kwa gari, kwa barabara ya kuzunguka, mpaka kambi inayofuata. Mtu yeyote atakayeumia au kushindwa ataingia kwenye gari hilo na kuwangoja wenzake huko. Hakuna aibu, alisema Kel. Lakini Alnashir na Reshma walitazamana, kwa sababu walielewa maana yake kuliko wengine wote. Maana yake ilikuwa mmoja aende na mwingine abaki analinda mali. Hilo walilifanya miaka thelathini na minane, na ndilo walilolikimbia.

Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Milima ilikuwa myekundu kama matofali, mawe yakiteleza chini ya viatu, kangaruu wakiwatazama kutoka kwenye vichaka kama majirani wenye muda. Alnashir alistaajabisha kila mtu kwa kutokufa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: jioni ya kwanza alipanga upya makreti yote ya chakula, vya tarehe za karibu mbele, vya mbali nyuma, na Kel alitafuta maharagwe kwa nusu saa. Walitembea bega kwa bega. Reshma anasema walizungumza upuuzi mtupu, wateja gani wangefaa kuoana na nani angemkimbia nani, na kwamba hajawahi kuwa na furaha namna ile tangu harusi yake.

Siku ya tatu, mimi nilikuwa kwenye kaunta, saa mbili na nusu asubuhi, napokea mkate. Simu yangu ikalia. Kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni.

"Mkate umekuja?" sauti ya Alnashir ikauliza.

Nikamkumbusha kwamba aliapa. Akanijibu kwamba aliapa kutopiga simu dukani, na hii ni simu yangu mimi, binafsi. Alikuwa amewaambia wenzake anakwenda kutazama jua likizama, akapanda juu ya jabali kutafuta mtandao. Nikamwambia mkate umekuja. Akataka kujua kama Natasha ameweka maziwa ya jana mbele ya ya leo. Kabla sijajibu nikasikia mawe yakiporomoka, halafu maneno ya Kiswahili ambayo sikujua kama Singida wanayo, halafu kimya. Nilikuwa tayari nimeshika simu ya duka nipige sijui wapi, maana ambulensi ya Barking haiendi Australia, aliporudi na kusema polepole, "Gakii, usimwambie Reshma."

Mimi kazi yangu ni kutunza watu. Nilimuuliza kama anaweza kusimama, kama goti linajikunja, kama linavimba. Lilijikunja, na lilikuwa linavimba. Nikamwambia alifunge, aliinue, na aseme ukweli kwa kiongozi. Mawili ya kwanza alifanya.

Reshma alimwona akirudi akichechemea, akavua mtandio wake akalifunga goti bila kuuliza. Alnashir hajawahi katika maisha yake kutazama jua likizama; jua likizama yeye huuliza nani atashusha shata ya mlango wa duka. Kwa hiyo Reshma alijua. Jioni hiyo waliketi kwenye mawe kunywa chai, Kel hatua tatu kutoka kwao, bibi Lorna akiwa mkabala nao, na wakalijadili jambo lao kwa sauti ya kawaida, kama vile wako peke yao duniani.

"Nikisema, nitawekwa kwenye gari nilinde masufuria," Alnashir alisema, huku akimwinulia Kel kidole gumba. "Wewe utapanda na hawa. Halafu utakuja kunisimulia, kama Toronto."

"Basi usiseme. Tembea polepole."

"Nikitembea polepole Kel atagundua. Hawa wote wanatembea kama wanaofukuzwa na askari. Tumaini langu lilikuwa bibi huyu wa njiti, lakini hachoki. Ni mbuzi wa mlimani."

Reshma alimtabasamia bibi. Bibi akatabasamu pia, akanywa chai yake.

Sasa niwaambie jambo ambalo wao walikuja kulijua mwishoni. Milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Lorna alizaliwa Mvumi, nje ya Dodoma, wazazi wake wakiwa wauguzi wa misheni, na mpaka alipofika miaka kumi na minne hakuwa na rafiki asiyezungumza Kiswahili. Singida na Dodoma ni mlango kwa mlango. Siku ya kwanza alifungua mdomo ili awasalimie kwa furaha, na ndipo aliposikia habari ya miguu yake. Baada ya hapo kusema kungekuwa kuwaaibisha. Na baada ya hapo tena, alikiri mwenyewe, hakutaka kuacha, kwa sababu hakuwahi kusikia Kiswahili kikizungumzwa kwa raha namna ile tangu utoto wake. Ile siku ya kaptura alilazimika kujifanya ameingiwa na nzi mdomoni.

Asubuhi ya siku ya nne, Lorna alimwendea Kel akamwambia kwamba nyonga zake zinamsumbua, kwamba atahitaji kupumzika kila nusu saa, na kwamba angependa kutembea mbele ili yeye ndiye apange mwendo. Huyu ni mwanamke anayetembea kilomita nane na mbwa wake kila siku ya Mungu, na ana kiburi cha afya yake kama wengine walivyo na kiburi cha watoto wao. Kel akamtajia gari. Lorna alimtazama mpaka kijana akasahau alikuwa anasema nini.

Kuanzia hapo kundi zima lilikwenda kwa mwendo wa maandamano ya kanisa. Kila nusu saa Lorna aliketi kwenye jiwe, akajipepea na kofia, na kila mtu akaketi. Wale wa Manchester walinung'unika, na kwa kunung'unika pamoja wakaanza kupatana. Alnashir alinyoosha goti lake chini ya mti na kufurahi mara mbili, mara moja kwa kupumzika na mara ya pili kwa kuwa alitabiri. Si nilisema, alimwambia Reshma. Nilisema siku ya kwanza kabisa. Mungu ambariki bibi huyu na miguu yake mibovu. Lorna alingoja mpaka uso wa Alnashir upate rangi, ndipo akasema sasa amepata nafuu.

Reshma alianza kuona aibu. Alimpa bibi tangawizi yake na nusu ya korosho zake, lakini hakuacha kusengenya. Mazoea yana taabu.

Siku ya sita, wakiwa nyuma ya Lorna hatua tano, Alnashir alikiri habari ya simu. Reshma akamwambia kwamba alijua. Kisha Alnashir akasema kitu ambacho Reshma aliponisimulia aliacha kupanga makopo. Alisema miaka yote hii hakuwa anaogopa hasara. "Niliogopa kwamba tukifunga siku moja tu, watu watagundua wanaweza kuishi bila sisi."

"Na sasa?" Reshma aliuliza.

"Sasa Natasha na Gakii wanauza, na mkate unakuja. Inauma zaidi ya goti."

Reshma akamshika mkono. Kwa njia nyembamba ile haikuwa rahisi, na walikwenda upandeupande kama kaa. Lorna pale mbele hakugeuka.

Mwisho wa safari ulikuwa mpando mmoja mkali mpaka ukingo wa milima, mahali ambapo unaona nchi yote pande zote mbili. Jioni ya kuamkia siku hiyo Kel alizungumza kwa uzito. Alisema huko juu hakuna kurudi katikati, na kwamba asubuhi atawaangalia watu miguu, na mwenye shaka atapanda gari. Aliyasema hayo huku akimtazama Lorna. Alnashir hakula. Goti lilikuwa limenenepa kama kiazi kitamu, na alijua kwamba kijana akiligusa tu, basi. Siku tisa wamefika pamoja, na siku ya kumi ingekuwa Toronto.

Asubuhi alilifunga chini ya suruali, akachukua fimbo mbili, akachechemea kupita kwa Lorna kama kawaida yake, akainama na tabasamu la kaunta. "Shikamoo, bibi mchelewaji. Leo tucheleweshe tena, nakuomba. Goti langu linakutegemea wewe."

Lorna alimaliza kukunja blanketi lake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Limeamkaje?"

Reshma aliketi juu ya sufuria. Alnashir anasema alianza kuyapitia maneno yote ya siku tisa, moja moja, kama mtu anayekagua stoo baada ya mafuriko. Alipomaliza akasema tu, "Njiti."

"Na mbuzi," Lorna akasema. "Hilo la mbuzi nililipenda."

Reshma ndiye aliyekumbuka kuomba radhi, na aliomba kwa Kikachi, Kiingereza na Kiswahili cha Kisumu. Alnashir alichotaka kujua ni kama atamwambia Kel. Lorna alivaa kofia yake. Akawaambia kwamba alikuwa nesi miaka arobaini, na angekuwa bado kazini angemtia kwenye gari siku ileile ya tatu na kumfungia mlango.

"Mume wangu pia alikuwa nesi," akasema. "Yeye usiku, mimi mchana. Tulipishana mlangoni miaka thelathini. Safari hii tuliiandikisha wote wawili, na alikufa mwezi wa pili." Akachukua fimbo yake. "Nilipowasikia mkisema habari ya Toronto, nikaona basi, angalau wawili wafike."

Halafu akamwita Kel, akamwambia aanze kukagua miguu kwake yeye, kwa sababu nyonga zake leo ni mbaya mno. Kijana alitumia dakika ishirini kwenye nyonga zile, akambembeleza apande gari, akakataliwa, na mwishowe akachoka, akawapungia wengine wote mkono wapite. Lorna alimpa Alnashir sharti moja. Kila wakipumzika amsimulie, kwa Kiswahili cha Singida, mambo yote anayoyafikiria kuhusu kaptura ile.

Makundi mengine hufika juu saa sita mchana. Wao walifika saa kumi na nusu jioni, na bibi wa miaka sabini na sita akicheka mpaka anashika ubavu, na Kel akiamini ni maumivu. Alnashir na Reshma walikanyaga ukingo ule pamoja, kwa sababu Reshma alimshika mkanda na kumvuta hatua ya mwisho. Huko juu mtandao ulikuwa umejaa, na simu za watu wote zikaanza kulia mifukoni. Alnashir aliitoa yake, akaitazama, akaizima.

Hilo naweza kulishuhudia. Kwetu ilikuwa saa mbili asubuhi, nami nilikuwa nimesimama dukani na simu mkononi, nikiingoja ilie nimgombeze. Haikulia. Saa mbili na nusu ikapita, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mkate haukuja kabisa. Mpaka leo hajaambiwa.

Waliporudi, daktari alilitazama goti, akamuuliza aliyemruhusu kutembea nalo ni nani. Alnashir akajibu kwamba ni nesi. Sasa amevaa gango la plastiki gotini, analigonga kwenye kaunta akisimulia, na kila nikiingia jabali lile alipodondoka limeongezeka urefu. Kusengenya hawajaacha. Lakini kwanza wanamsalimia mteja kwa Kiswahili na kungoja kidogo, waone kama ataitikia.

Jumapili iliyopita nilitoka kazini saa tisa alasiri, nikapita pale kuchukua maziwa, nikakuta shata iko chini. Nimelijua duka lile miaka ishirini na zaidi na sijawahi kuona rangi ya shata ile mchana. Ukifanya kazi yangu, unajua mlango wa mzee uliofungwa mchana una maana gani. Nilikimbia. Wateja wawili walikuwa wamesimama mbele ya karatasi iliyobandikwa, wakijaribu kuisoma, na mmoja akaniuliza kama ni tangazo la msiba. Nikasogea. Ilikuwa hati ya Alnashir, herufi kubwa, kwa lugha aliyoificha kwenye kaunta ile miaka thelathini na minane.

TUMETOKA. SOTE WAWILI.

Hakuandika watarudi saa ngapi. Niliwatafsiria wale wateja, wakaenda zao. Mimi nilibaki pale, nina hasira ya maziwa na macho yananiwasha. Halafu nikaipiga picha karatasi ile nikamtumia Njoroge, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaamka.

Akajibu, "Na maziwa?"

Nikamwandikia kwamba avae viatu ashuke, tukayatafute pamoja. Akauliza kama ni mbali.

Nikamwambia ni mbali sana.